Kanuni ya Saba

Mara ya kwanza nilitumia dadu.
Ayikoru akarusha, akapata mbili, akachungulia simu.
Akarusha tena, nne. Akapiga miayo.
"Mchezo wako," akasema, "ni foleni ya benki:
namba inaitwa, unakwenda, huna la kuchagua."

Nilinuna siku mbili.
Umeme ulikatika Arua nzima, mvua ikapiga bati,
na ubao wangu wa katoni ukajikunja kwa unyevu juu ya kabati
kana kwamba nao umechoka kunitetea.

Siku ya tatu nikaenda kioski cha Zubeda
nikaokota vizibo vya soda, arobaini.
Thelathini na vitano nikavipaka rangi ya buluu.
Vitano nikaviacha na kutu yake.
Mguu wa suruali kuukuu nikaushona ukawa mfuko.

Sasa unavusha mayai daraja la Enyau, mto umefura.
Toa kizibo cha buluu: hatua moja, yai moja lako.
Toa cha kutu: ubao umevunjika, trei yote majini.
Kila baada ya hatua una ruhusa kusema "Nimefika"
ukashuka na ulichonacho.
Au uingize mkono tena.

Ayikoru ana mayai kumi na moja.
Mkono umo mfukoni hadi kwenye saa.
Anguyo kishapiga hesabu kwa kidole mezani,
vimebaki ishirini na tisa, vitano vibaya,
na andazi lake limepoa ametafuna nusu.
Vizibo vinagongana mle ndani
kama meno ya mwenye homa.

Hakuna kilichotokea bado.
Na hakuna anayepumua.

Kumbe bahati yenyewe haina ladha,
inapita haraka kama sindano.
Ladha imo kabla, kati ya kidole na bati,
pale mtu anapoijua hesabu
nayo hesabu haimjui.

Nikaandika kanuni sita, ukurasa mmoja.
Chini nikaongeza: *Nakili. Badili. Mpe mwingine.
Ukiboresha, usifunge mlango nyuma yako.*
Kijana wa fotokopi alisoma, akacheka,
"Sasa wewe utakula nini?"
Sikuwa na jibu. Nikamlipa nakala hamsini.

Karatasi zikaondoka na watu, zikarudi na sura nyingine.
Koboko wameufanya mto kuwa mpaka,
mayai yamekuwa madumu ya mafuta,
na kutu, eti, ni afisa wa forodha aliyeamka vibaya.
Nebbi wamepunguza vizibo, maana kule hawana subira.
Mtu mmoja, sijui wapi, kafuta jina langu
akaandika lake. Hilo liliniuma kidogo,
halafu nikaona kanuni yake ya nne ni bora kuliko yangu,
nikaiiba.

Kisha ikaja moja kutoka Rhino Camp,
kwa penseli, mgongoni mwa karatasi yangu mwenyewe.
Aliyeandika ni Keji, miaka kumi na miwili.
*Kanuni ya saba: mtu akianguka,
mwenzake akitaka anaweza kumpa yai moja
asianze na mikono mitupu.
Tumeiweka kwa sababu hapa kwetu
kila mmoja alishapoteza trei nzima.*

Niliisoma nimesimama mlangoni.
Jioni tukaijaribu.

Ayikoru akafika mayai tisa, akaingiza mkono,
akautoa taratibu, akafumbua kiganja:
kutu.
Zamani hapa ndipo tungecheka, mchezo umekwisha.
Sasa hakucheka mtu. Wasiwasi haukuisha,
umehama tu, umetoka mfukoni
umeingia machoni mwetu, mmoja mmoja,
na Ayikoru hamwombi yeyote, anasugua kutu kwa dole gumba.

Anguyo ana mayai matatu.
Anasukuma moja mbele.
Analivuta.
Analisukuma tena, nusu ya meza,
kidole bado kiko juu yake.